Mstari Uliojaa Kabla ya Kazi Kwisha

Kisanduku cha kwanza nilichoeleza kilikuwa na kitufe kimoja tu, kimeandikwa "Sawa". Kilitokea katikati ya kioo cha kompyuta, katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa karibu na gare, stesheni ya treni ya Kamina, na yule ninayemwita Injenieri akaniuliza:

"Mama, hii iko nafanya nini?"

"Iko nanipasha habari," nikamwambia. "Haiulize kitu."

"Andika vile vile."

Nikaandika katika kaye, daftari langu: Kisanduku cha taarifa kinasema, hakiulizi. Mtu akikisoma au asipokisoma, hakuna kitakachobadilika. Injenieri aliisoma mara mbili, akasema katika vitabu alivyosomea Lubumbashi hawakuieleza hivyo, walizunguka sana. Mimi vitabu hivyo sivijui. Nilifika mwaka wa nne wa shule ya msingi, nikatolewa ili nilee wadogo zangu. Kusoma najua, kuandika najua, kujumlisha najua. Basi.

Majina sitayaandika hapa, hata langu. Lakini kazi ya kila mtu na alichokifanya nitaandika, na mtu wa Kamina akisoma atajua ni nani na nani.

Natoka upande wa Malemba-Nkulu, kijiji cha kando ya Lualaba. Wapiganaji wa porini walipotuingilia, aliyewaonyesha njia ya nyuma ya mihogo alikuwa mshona viatu wetu, mtu aliyekula bukari, ugali wetu, nyumbani kwangu. Aliyemwua mume wangu alikuwa mkubwa wa kizuizi, mwenye kofia ya manyoya. Na kapiteni aliyetumwa kutulinda alikaa ng'ambo ya mto na mitumbwi yote, akatuangalia. Hao watatu nimewasema kila mahali nilipoulizwa, na sitachoka. Tulitembea hadi Bukama, wanawake sita na watoto wetu, kisha tukapanda treni ya mizigo mpaka Kamina. Mmoja wa wale sita ni jirani yangu hadi leo. Njiani tulibeba kinu kimoja kwa zamu, siku moja yeye, siku moja mimi, sababu hatukutaka kufika mahali pa wageni na kuomba kinu. Kila jioni tulitwanga pamoja, mchi wake na mchi wangu, kinu kile kile.

Hapa Kamina nilianza kwa kufyatua matofali, kisha nikapata kufagia duka. Duka ni la baba yake Injenieri, mzee Mwislamu ambaye babu zake walitoka Maniema na biashara. Vitambaa mbele, magunia ya chumvi pembeni, na kompyuta za kijana wake nyuma. Watu walikuja kuandikiwa barua za maombi na matangazo ya vifo. Siku Injenieri alipokuwa na homa niliziandika mimi, kwa kidole kimoja. Aliporudi hakunikataza. Alinionyesha kidole cha pili.

Mwaka huu, kiangazi kilipoanza, njo, yaani ndipo, Injenieri alipoleta mambo ya maktaba.

Maktaba ya programu haina vitabu. Nilifikiri inavyo, na Injenieri alicheka mpaka akashika tumbo. Ni vipande vilivyotengenezwa tayari, ambavyo mtengenezaji wa programu anavichukua badala ya kuanza kila kitu upya. Sisi tuliofyatua matofali tunaelewa haraka, ni kama kalibu. Aliyeichonga alifikiri mara moja, wengine wote wanajaza udongo tu. Kalibu ikiwa imepinda, kila tofali litapinda, na fundi wa nyumba atashangaa ukuta wake. Injenieri alikuwa amechonga kalibu tano: kisanduku cha taarifa, kisanduku cha swali, kisanduku cha kuandika neno, kisanduku cha kuchagua katika orodha, na mstari unaojaa taratibu wakati mashini inafanya kazi, ambao yeye aliuita bare. Vijana wanaojifunza kompyuta huko Luena na Bukama walikuwa wanazitaka. Ila maelezo hayakuwepo, na Kiingereza hawakijui.

"Tutaandika kwa Swahili," aliniambia. "Weye njo utaniambia kama inasikilika. Ukisikia weye, bantu bote batasikia."

"Aksanti kwa heshima," nikamjibu.

Alijua amesema vibaya. Akatoka, akarudi na chai.

Nilikubali, lakini si kwa sababu ya chai. Nilikubali sababu ya raporti.

Masika yaliyopita ofisi moja ya misaada iliandikisha watu waliokimbia vita, mtaa kwa mtaa. Programu ya kuandikisha ilitengenezwa na Injenieri, kwa visanduku vyake hivyo hivyo. Mwandikishaji wa mtaa wetu nilikuwa mimi, kwa kuwa watu walinijua na Kiluba chao ni changu. Siku nne nilikaa katika uwanja wa paroisse, parokia yetu, na mashini juu ya meza ya shule. Jina, kijiji, watu wangapi nyumbani. Siku ya mwisho shefu, mkubwa wa ofisi hiyo, alikuja mwenyewe na gari ili tutume majina. Mvua ilikuwa imefunga, rezo, mtandao, inakuja na kwenda. Alisimama nyuma ya mgongo wangu, mikono kifuani. Nikafinya, nikabonyeza pa kutuma. Mstari wa kijani ukaanza kujaa kutoka kushoto, robo, nusu, ukafika mwisho. Kisha kikatokea kisanduku: "Majina yaliyotumwa yataondolewa katika mashini hii. Endelea?" Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana, na Ndiyo ilikuwa tayari imewaka rangi.

"Imejala," shefu alisema. "Finya, mama. Dereva iko nangoya."

Nikafinya Ndiyo.

Majina hayakuwa yamefika kokote. Rezo ilikata katikati. Mstari ulijaa, na majina yalibaki katika mashini, na mimi nikayaondoa. Siku bashi, maturubai ya kufunika nyumba, na mahindi ya mbegu yalipokuja, mitaa mingine iliitwa, mtaa wetu haukuitwa. Mvua ya kupanda ikapita. Shefu akaandika raporti, na niliiona mezani kwake kwa macho yangu: "Kupotea kwa majina: kosa la mwandikishaji." Mstari mmoja, na muhuri chini yake.

Katika mtaa walisema nimeuza majina yao kwa watu wa mtaa mwingine. Jirani yangu alikuja asubuhi, akakibeba kinu kutoka uani kwangu, akakipeleka kwake. Tangu siku hiyo natwanga kwa watu, kwa kuomba.

Kwa hiyo nilipoambiwa nisaidie kuandika maelezo ya visanduku vile, nilitaka kitu kimoja: karatasi ya pili. Ile ya shefu ilikuwa peke yake ndani ya faili, na karatasi iliyo peke yake njo inayosadikiwa. Sikumwambia Injenieri. Nilitoa bic, kalamu yangu, nikaketi.

Tulifanya kazi asubuhi, kabla ya wateja. Yeye alinionyesha kisanduku, mimi nikauliza, kisha nikaandika. Kisanduku cha kuandika neno kilituchukua siku nzima. Kinapewa vitu vitatu: kichwa, swali, na neno la kuanzia ikiwa lipo. Kinarudisha kile mtu alichoandika. Nikauliza: mtu akikifunga kwa alama ya msalaba hapo juu, kinarudisha nini?

"Tupu," alisema Injenieri.

"Na akiacha pasipo neno, akafinya Sawa?"

"Tupu pia... hapana. Neno lisilo na herufi."

"Iko sawasawa?"

"Hapana, mama. Moja ni mutu aliondoka. Ingine ni mutu alijibu na kunyamaza."

"Basi tuandike bile byote mbili. Kule kwetu, ku kizuizi, kunyamaza ilikuwa jibu. Walikupiga juu yake."

Hakucheka. Aliandika. Iko katika maelezo mpaka sasa, aya ya tatu: Kuondoka na kunyamaza ni majibu mawili, usiyachanganye.

Kisanduku cha swali nilikiogopa, kwa sababu nilikijua. Kina vitufe viwili, kinarudisha ndiyo au hapana, na mtengenezaji asiposema kitufe gani kiwake, Ndiyo inawaka yenyewe. Nilimweleza Injenieri kitu ambacho yeye, mtoto wa dukani, hakukijua. Kwetu sisi Baluba, mkubwa akikuita au akikuuliza, unapiga makofi mawili taratibu na kujibu "Eyo vidye", ndiyo mkubwa, kabla swali lake halijafika mwisho. Ni adabu. Mtoto anafundishwa kabla ya kufundishwa kuvaa. Kukubali si kukubali neno lake, ni kukubali kwamba umemsikia. Neno lenyewe mtalizungumza baadaye. Na vita viliongeza juu ya adabu hiyo: kwenye kizuizi ulisema eyo, eyo, eyo, mpaka upite.

"Sasa mashini yako inauliza kama mukubwa," nikamwambia, "halafu inachukua eyo yangu kama vile nimeshazungumza."

Aliniangalia. "Haukuniambia hii masika."

"Haukuniuliza masika. Ulisema tu: ikikuuliza, finya."

Akaandika kitu kidogo kwenye karatasi yake, hakunionyesha.

Tukafika kwenye mstari. Aliufungua kwenye kioo ili niueleze. Ukaanza kujaa, wa kijani vile vile. Niliendelea kuutazama, na nikaona jambo.

"Hii bare iko napima nini?" nikauliza.

"Iko napima kazi."

"Kazi gani? Hapa hakuna kazi. Umefungua dirisha tu, na iko najala."

"Hii ni ya mufano, mama."

"Na mufano iko nahesabu nini?"

Akajikuna shingo. "Segonde."

"Segonde?"

"Mutengenezaji akikosa kuipa hesabu ya kazi, inaenda na saa. Inajala kwa segonde makumi tatu. Juu bantu basichoke kungoya."

Nikaweka bic chini. "Ile siku ku paroisse, ilikuwa na hesabu ya kazi ao ya saa?"

Huko mbele baba yake alikuwa anapima kitambaa kwa mteja, tunasikia mkasi. Injenieri alisikiliza mkasi ule kana kwamba ndio ulioulizwa.

"Injenieri. Nimekuuliza."

"Ya saa," alisema. "Nilikuwa na haraka. Shefu alitaka programu Ijumaa. Niliwaza nitairudilia."

"Donc, basi, ilikuwa inatudanganya."

"Haikudanganya, mama. Ilikuwa inangoya tu pamoja na ninyi."

"Kama ilikuwa inangoya na siye, sababu gani ilijala?"

Jibu nilikuwa nalo mimi. Miezi yote hiyo nilijua kidole changu kilikosa. Nililala na kidole hicho. Sasa nilijua kwamba mstari ungejaa hata kama kompyuta ingekuwa haikutuma hata jina moja, hata kama antena ingekuwa imeanguka. Na yeye alijua. Alinipa chai miezi yote hiyo, na alijua.

Alisema ataliandika vizuri katika maelezo. Akaandika mbele yangu: "Ikiwa thamani haikutolewa, mstari unaendeshwa na saa."

"Hapana," nikasema. "Andika: mstari huu hausemi kweli usipoambiwa kweli. Na andika kwamba ulishapoteza majina ya mtaa mzima, na nani aliutengeneza, na nani alisema finya."

"Mama, haya ni maelezo ya programu. Si kitubio. Kijana wa Luena anataka kujua aweke nini ndani ya mabano, basi. Mambo ya shefu yatamusaidia nini?"

"Yatamusaidia asikuwe kama weye."

Nikafunga kaye, nikaichukua, nikaenda nyumbani.

Siku tatu sikwenda dukani. Siku ya nne Injenieri alikuja mtaani kwetu kwa baiskeli, mashini ikiwa mgongoni ndani ya mfuko. Nilimpa bidoni ya manjano, dumu la maji, akalie. Alisema amejaribu kuandika peke yake, na baba yake aliposoma aliuliza kama ni Kiarabu.

"Kuko kingine," alisema. "Maelezo inapaswa kujaribiwa. Tunakamata mutu hajaona mashini, tunamuweka mbele ya kile kisanduku cha zamani, tunaangalia atafanya nini. Kama anasoma mpaka mwisho, basi kosa haikukuwa ya kisanduku."

Yaani kosa lilikuwa langu. Hakusema hivyo, lakini njo ilivyokuwa.

"Na asiposoma?"

"Nitaandika vile unataka."

Nyumba yangu imepakana na ya jirani, ua ni wa nyasi tu. Jirani yangu alikuwa anatwanga mihogo, na masikio yake yalikuwa upande wetu. Akapaza sauti bila kugeuka:

"Ule muuza majina iko nauzisha nini leo? Televizyo?"

Wanawake wawili waliokuwa wanangoja kinu wakacheka.

"Kamata huyu," nikamwambia Injenieri kwa sauti ndogo. "Anasoma polepole, alijifunza kwa katekisimu. Hajagusa mashini. Na simama nyuma yake, mikono kifuani. Usiseme kitu."

Injenieri alikwenda, akamsalimu kwa heshima yote ya mtoto wa duka, akamwomba. Jirani yangu hakunitazama. Alifuta unga mikononi kwa kitenge, akakaa kwenye kigoda, na mashini ikawekwa juu ya kinu kilichogeuzwa chini juu. Kinu chetu. Wanawake wakakaribia. Injenieri alimwambia tu kwamba mashini itatuma majina ya watu kisha itamwuliza, naye atajibu kwa kufinya hapa ao hapa.

Mstari ukaanza, kwa majina ya mfano tu. Aliutazama ukijaa jinsi mtu anavyotazama maji yakipanda kwenye ndoo.

"Iko natembea!" alisema mwanamke mmoja.

"Nyamaza, asipotee njia," akasema mwingine.

Ukajaa. Kisanduku kikatokea, maneno yale yale, Ndiyo imewaka. Injenieri alisimama nyuma yake kama shefu. Jirani yangu akainamisha kichwa kidogo mbele ya kioo, akapiga makofi mawili taratibu, akasema "Eyo vidye", na akafinya.

Hakuwa amesoma hata neno la tatu. Midomo yake husogea anaposoma, na haikusogea.

"Mama," alisema Injenieri, "umeondoa majina yote."

"Majina gani?"

"Ya mutaa muzima."

Hakuna aliyecheka. Alikitazama kidole chake, kisha akakitazama kioo, kisha kwa mara ya kwanza tangu masika akanitazama mimi.

"Hii mashini inauliza kama shefu," alisema.

"Njo vile," nikamjibu.

"Weye ulisoma shule. Ungesoma."

"Nilisoma mwaka ine. Na shefu alikuwa nyuma ya mugongo."

"Hata!" alisema. "Ungesoma." Akasimama, akaondoa mashini juu ya kinu kana kwamba anaondoa sahani chafu, akampa Injenieri mikononi. Kinu akakigeuza, akarudisha mihogo, akaanza kutwanga. Injenieri alipanda baiskeli bila kuaga.

Kesho yake nilirudi dukani. Injenieri alikuwa ameshaanza. Kwanza alibadilisha kalibu zenyewe. Kisanduku cha swali hakiwashi tena kitufe chochote, na hakikubali Ndiyo na Hapana. Mtengenezaji analazimishwa kuandika tendo lenyewe juu ya kitufe: "Ondoa majina" na "Yaache". Hicho nilikipenda, sababu mtu hawezi kumjibu mkubwa wake "Ondoa majina" kwa adabu. Na mstari usipopewa hesabu ya kazi, haujai. Kipande kidogo cha kijani kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, kama mlinzi mbele ya lango. Ukiutazama unajua kwamba hata wenyewe haujui.

Kisha tukaandika ukurasa. Tulibishana juu yake mpaka mzee akatoka mbele na mita yake ya kupimia shingoni, akauliza kama tunagawa mirathi. Nilitaka neno "shefu". Injenieri alikataa, akasema kijana wa Bukama hana shefu huyo. Tukakubaliana "mkubwa wake". Nilitaka iandikwe aliyetengeneza ni nani. Akaandika mwenyewe. Mwishoni nikamwambia aongeze sentensi moja. Alipoisikia aliinua vidole kutoka kwenye herufi.

"Una hakika, mama? Hii inakuumiza weye."

"Andika. Ikikosa kuwamo, batasema tuliandika ili kunisafisha."

Ukurasa unasomeka hivi, chini ya kichwa "Mfano mbaya":

Mstari huu uliendeshwa na saa, si na kazi. Ulijaa kabla majina hayajatumwa. Kisanduku kilichofuata kiliuliza ruhusa ya kuyaondoa, na Ndiyo ilikuwa imekwisha kuwashwa. Mwandikishaji alifinya baada ya kuonyeshwa kwamba kazi imekwisha na baada ya kuamriwa na mkubwa wake. Mwandikishaji hakusoma mpaka mwisho. Majina ya mtaa mzima yalipotea. Programu hiyo ilitengenezwa na mtengenezaji wa maktaba hii mwenyewe.

Tuliuchapa mara mbili. Nikamwambia karatasi bila kashe, bila muhuri, haiingii katika ofisi yoyote ya Kamina. Hata mlinzi wa mlango atairudisha. Maktaba ya programu haina kashe. Duka linayo. Mzee aliitoa kwenye droo, akaipulizia pumzi, akaigonga chini ya maelezo ya visanduku na mistari: Vitambaa, Chumvi, Sabuni, Jumla na Rejareja. Ilitoka vizuri, ya zambarau.

Nilivaa kitenge changu cha misa, nikaenda ofisini. Shefu alikuwa na simu sikioni. Nilimpa karatasi kwa mikono miwili, ya asili juu, nakala chini.

"Hii ni nini, mama?" aliuliza, akiwa ameifunika simu kwa kiganja.

"Maelezo ya programu ya kuandikisha, shefu. Ni ya kuunga na raporti ya masika."

"Injenieri njo alituma?"

"Ee, shefu."

Alishuka kwa macho mpaka chini ya ukurasa. Maneno hakuyatazama. Alitazama kashe. Aliiona ipo, ya duara, ya zambarau, akaridhika. Akavuta ya kwake, akagonga "Imepokelewa" juu ya asili, akagonga juu ya nakala, akatia sahihi zote mbili huku akimwambia mtu wa kwenye simu kwamba anamsikia, anamsikia. Kisha akafungua kabati, akatoa faili ya masika, akatoboa karatasi yangu mashimo mawili na kuiweka nyuma ya raporti yake. Niliona kwa macho. Zimelala pamoja.

"Na mahindi ya mbegu, shefu?" nikauliza.

"Ile iliisha, mama. Labda masika inayokuja."

Nikapiga makofi mawili. "Eyo vidye," nikamwambia. Safari hii nilikuwa nimesoma mpaka mwisho.

Sisemi kwamba nimeshinda. Mbegu hatukupata, na bashi zilikwenda kwa mitaa mingine. Kwangu bado nafunika kwa nyasi. Shefu ni shefu bado, na siku atakapoisoma, kama ataisoma, atanitafuta. Injenieri anaitwa huku na huku, wanamsifu kwa maelezo yanayoeleweka, na anajibu vizuri, anasema kuna mama mmoja alimsaidia. Kuna mama mmoja. Nami namtaja yeye hapa, kama ninavyomtaja shefu, mshona viatu, yule wa kofia na yule kapiteni, ingawa sioni kwamba wana uzito mmoja.

Nilipofika nyumbani jioni hiyo jirani yangu alikuwa anatwanga, peke yake. Nikasimama kwenye ua na nakala yangu mkononi.

"Iko nini?" aliuliza.

"Karatasi ya mambo ya majina."

"Soma."

Nikasoma yote. Alisikiliza mchi ukiwa umesimama ndani ya kinu.

"Na jina langu umeweka humo? Ile siku nilifinya?"

"Hakuna jina la mutu."

"Hata la shefu?"

"Hata lake."

"Basi ni karatasi ya woga," alisema. Akatwanga mara tatu, nne. Akasimama tena. "Rudilia pale pa saa."

Nikarudia: Mstari huu uliendeshwa na saa, si na kazi. Ulijaa kabla majina hayajatumwa.

"Ilikuwa saa," alisema.

"Segonde makumi tatu."

Alifyonya. Sijui alimfyonya nani, mimi au saa au shefu. Kisha akausogeza mwili wake upande mmoja wa kinu, kidogo tu, kama tulivyokuwa tunafanya njiani mmoja alipotaka kumpa mwenzake nafasi.

"Mihogo ni mingi," alisema. "Uko nangoya nini pale?"

Niliingia ndani, nikaweka karatasi chini ya godoro, nikatoa mchi wangu. Alipouinua wake, nikashusha wangu.